Sukari ya binti yangu ilifika 16.3 akiwa ICU. Je, ana kisukari?

MamaNeema_Umoja

Habari zenu wazazi. Mimi humu huwa nasoma tu, siandiki, lakini wiki hii usingizi umenikataa na mahali pengine pa kuuliza sina.

Binti yangu Neema ana miaka mitatu na miezi miwili. Mwezi uliopita alianza na kikohozi, siku ya Jumatano, kikohozi cha kawaida tu. Ijumaa jioni nikiwa nafunga kibanda changu cha nguo pale Mutindwa, msichana wa kazi akanipigia: mtoto anapumua kama aliyekimbizwa na amekataa hata maji. Nilipofika nyumbani mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Kliniki ya mtaani wakampima oksijeni, 81. Wakatuambia hapa msikae hata dakika tano. Saa nne usiku tulikuwa hospitali kubwa, na kufika saa nane alikuwa ICU ya watoto, mpira kooni, mashine inampumulia. Nimonia mapafu yote mawili, na maambukizi yalikuwa yameshaingia kwenye damu.

Sasa swali langu. Ile karatasi kubwa inayowekwa miguuni pa kitanda nilikuwa naisoma namba kwa namba, maana sikuwa na kazi nyingine ya kumfanyia mtoto wangu. Sukari ya kwanza 14.8. Asubuhi 12.9. Usiku wa pili 16.3. Mama mkwe wangu ana kisukari mwaka wa kumi na moja sasa, na yake ikigonga 14 nyumba nzima haikaliki, kwa hivyo namba hizo sihitaji kuelezwa. Nikamshika daktari kijana aliyekuwa anapita: "Daktari, mtoto wangu ana sukari?" Akasema, "Iko juu kidogo, tunaiangalia," akaenda kitanda kinachofuata. Insulini hakupewa. Nilichoona ni dripu moja kutolewa na nyingine kuwekwa, basi. Siku ya nne sukari ilikuwa 8.7, siku ya sita 5.9. Tulirudi nyumbani siku ya kumi na tano. Karatasi ya kuruhusiwa imeandikwa nimonia, sepsisi, upungufu wa damu (himoglobini ilikuwa 6.2, akaongezewa damu mara mbili). Sukari haijatajwa popote.

Moto uko nyumbani. Mama mkwe anasema ni mimi, na chai yangu ya vijiko vitatu, na juisi za pakiti. Ameficha kopo la sukari. Mtoto amebaki mifupa, anaomba uji, anapewa uji usio na kitu, analia hadi analala. Baba yake anataka tukapime ile HbA1c ya miezi mitatu mara tu mshahara ukiingia.

Ana kisukari au hana? Na kwa nini watu wazima waliosoma walikaa wakiitazama sukari ya 16 bila kuishusha? Nashindwa kujua kama niwashukuru au niwakasirikie.

Mzee_wa_Ruai

Pole mama. Mimi si daktari lakini mjomba wangu alikuwa na 22 akapona kwa karela na majani ya mlonge, asubuhi glasi moja kabla ya kula. Mwondolee mtoto wali, viazi, ugali mweupe, ndizi na sukari yote. Madaktari wa siku hizi wanangoja ugonjwa ukomae ndipo wakuuzie dawa.

Sista_Zamu_ya_Usiku

Mama Neema, pole kwa yote. Nimekuwa muuguzi miaka kumi na tisa, na kumi na miwili kati ya hiyo ni ICU ya watoto hapa hapa Nairobi. Sikuwa kitandani pa Neema, kwa hivyo sitakuambia daktari wake alikuwa na nini kichwani. Nitakuambia sisi huwaza nini tukiona 16.3 kwa mtoto wa namna ile. Nimetoka zamu, niko kwenye matatu ya Kangemi, nikikatika ghafla mjue nimefika steji.

Kwanza, kopo la sukari lirudi mezani leo. Chai yako haihusiki.

Mtoto akifika alikofika Neema, mwili unaingia vitani. Tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini na kortisoli, kongosho linaongeza glukagoni, na zote zinaliamuru ini lifungue ghala. Ini linatoa sukari iliyowekwa akiba. Kwa mtoto akiba hiyo ni ndogo, haichukui muda kwisha, kisha ini linaanza kutengeneza sukari mpya kutokana na protini ya misuli. Hayo mapaja yaliyokwisha unayoyaona ukimwogesha yalikwenda huko, hayakuliwa na kisukari.

Upande wa pili, insulini inaacha kusikika. Hapa nilipo mvua inanyesha na steji imejaa. Abiria wamefurika barabarani, makanga wanaita hadi sauti zimekauka, lakini matatu zimefunga milango. Abiria ndio sukari, makanga ndiye insulini, matatu ni misuli na mafuta ya mwili. Kemikali za maambukizi ndizo zilizofunga milango. Huo ndio usugu wa insulini. Kwa mama mkwe wako ulimjia polepole kwa miaka mingi, kwa Neema ulikuja kwa saa chache. Tena kwa watoto wadogo ambao mapafu na presha vimeshindwa kwa pamoja, kongosho lenyewe mara nyingi linalegea, makanga wanapungua. Kwa hivyo sukari inaingia barabarani kwa wingi, na hakuna wa kuibeba.

Na sisi tunaongeza juu yake. Adrenalini ya kwenye dripu ya kushikilia presha inapandisha sukari. Steroidi zinapandisha. Maji ya dripu yenye dekstrosi, yaani sukari yenyewe, hayo hata usiulize. Ndiyo maana ile dripu uliyoona ikibadilishwa imenifanya nitabasamu humu garini. Umeandika "basi", kama vile hawakufanya kitu. Huenda tiba yenyewe ya sukari ilikuwa hiyo.

Sasa kuhusu insulini, hapa niruhusu nirefushe, maana jambo hili nimeliishi.

Mwaka 2001 daktari mmoja wa Leuven, Ubelgiji, Greet Van den Berghe, alitangaza matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1548 wa ICU ya upasuaji, watu wazima. Nusu yao walishikiliwa sukari kati ya 4.4 na 6.1 kwa insulini ya dripu. Waliofia ICU walishuka kutoka asilimia 8 hadi 4.6. Dunia nzima ilikimbilia huko. Miaka michache baadaye nilikuwa ICU ya watu wazima katika hospitali fulani, na sisi tulikuwa na jedwali ukutani, limepakwa plastiki, kalamu nyekundu na buluu, kila saa unapima, unapandisha au unashusha. Tulijiona tumefika Ulaya.

Usiku mmoja saa kumi alfajiri nikampima mzee mmoja, 1.9. Alikuwa amelala kimya kabisa. Hakutoka jasho, hakutetemeka, hakuniita. Angeniitaje, na tulikuwa tumemlaza kwa dawa ya usingizi? Mtu aliye macho sukari ikishuka atakuambia kichwa kinazunguka. Aliye kwenye mashine hakuambii. Tulimwahi, akaamka siku zake zilipofika. Lakini saa ile nilikuwa nimeshamwaga chai kwenye kikombe, na nilimpima kwanza kwa sababu tu chai ilikuwa ya moto mno. Tangu siku hiyo lile jedwali nililitazama kwa jicho lingine.

Mwaka 2009 ukaja utafiti mkubwa zaidi, NICE-SUGAR, watu zaidi ya 6,000, Australia, New Zealand na Amerika Kaskazini. Walioshushwa sana sukari walikufa zaidi: asilimia 27.5 katika siku 90, dhidi ya 24.9 kwa walioachiwa hadi 10. Plastiki yetu ilitolewa ukutani wiki hizo, hakuna aliyetangaza chochote.

Kwa watoto hofu yetu ni kubwa zaidi. Ubongo wa mtoto unakula sukari nyingi ukiulinganisha na mwili wake, na ghala la ini ni dogo. Isitoshe, sisi tunaoishi ukanda huu wa malaria tumelelewa tukiiogopa sukari ya chini. Nimepokea watoto wa rufaa kutoka Busia wana malaria kali na sukari ya 1.4, wanatupa mikono na miguu. Mafunzo ya dharura ya watoto ya WHO, Shirika la Afya Duniani, yanasema mtoto akiwa hajitambui na huna cha kumpimia, mtibu kana kwamba sukari iko chini. Hakuna anayekuambia umtibu kana kwamba iko juu. Ukifundishwa hivyo miaka kumi, mkono wako unakuwa mzito kuelekea chupa ya insulini, na uzito huo una haki yake.

Ila nisikufiche. 16.3 ikikaa pale saa baada ya saa, hata sisi tungeanzisha insulini, kidogo kidogo, huku tukipima kila saa na kuangalia potasiamu, maana insulini inaisukuma potasiamu nayo iingie kwenye seli na moyo hauupendi mchezo huo. Kwa hivyo nataka nikuulize wewe uliyekuwa unasoma karatasi: baada ya 16.3, iliyofuata ilikuwa ngapi?

Mzee wa Ruai, shikamoo, na kwa heshima zote: mtoto wa miaka mitatu aliyetoka kwenye mashine wiki mbili zilizopita anyimwe wali, viazi, ndizi na ugali, ale nini? Karela kamnyweshe mjomba.

Nimefika.

Maabara_Kayole

Sista amemaliza, mimi naongeza mawili ya maabara tu.

La kwanza: hiyo 16.3 ilipimwa kwa kidole au kwa damu ya mshipa? Vile vijiti vya glukomita vimetengenezwa kwa damu ya mtu mwenye chembe nyekundu za kutosha. Himoglobini ikiwa 6.2 damu ni nyepesi, na glukomita nyingi hapo husoma juu kuliko ukweli. Si kwamba 16.3 ilikuwa 6, hapana, sukari ilikuwa juu kweli. Lakini huenda namba halisi ilikuwa chini ya ile iliyoandikwa. Ukimpa mtoto mwenye damu nyepesi insulini kwa kufuata namba ya kidole peke yake, unaweza kumshusha usikotaka. ICU zenye mashine ya gesi za damu huamini mashine hiyo zaidi.

Na kama sampuli ilivutwa kwenye mrija ambao dekstrosi inapita, ni kama umepima dripu. Nimewahi kurudishiwa majibu ya 30 na kitu, wodi nzima imepaniki, kumbe mtu alivuta damu juu ya sindano ya dripu kwenye mkono ule ule. Nyumbani nako, mtoto aliyekula embe usimchome kidole kabla hajanawa. Utapata kisukari cha embe.

La pili, na hili mzuie Baba Neema kabla ya mshahara: msipime HbA1c sasa hivi. Kipimo kile kinaangalia sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu, na chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, ndiyo watu wakakiita cha miezi mitatu. Neema ameongezewa damu mara mbili. Nusu ya chembe alizo nazo huenda ni za mtu mwingine kabisa! Mtalipa pesa kupima sukari ya mchangia damu. Kipimo cha kufaa ni sukari ya kawaida ya mshipani, asubuhi kabla hajala, mtoto akiwa mzima. Chini ya 5.6 mko sawa. 7 kwenda juu, irudiwe na daktari aone. Ni kipimo cha bei rahisi.

MamaNeema_Umoja

Asanteni jamani. Nimesoma nikiwa sokoni, mteja ameniuliza kama nalia au nacheka.

Sista, nilikuwa nimeandika kwenye daftari langu la madeni ya kibanda, nimelifungua sasa. 16.3 ilikuwa saa tano usiku. Dripu walibadilisha kama saa tano na nusu. Saa saba 13.1. Saa tisa 11.6. Saa kumi na moja alfajiri 10.4. Sikuwahi kuzisoma kwa mfululizo hivi, nilikuwa nimeshikwa na ile moja tu.

Maabara, ilikuwa kidole, nakumbuka maana vidole vyake vyote vilikuwa na alama. Na damu ya kwanza aliongezewa kesho yake.

Sista_Zamu_ya_Usiku

Sasa wewe ndiye umejijibu. Ilishuka kutoka 16 hadi 10 kwa saa sita kwa kubadilishiwa maji tu. Mtu angempa insulini saa tano na nusu, na dripu ya sukari imetolewa wakati ule ule, saa tisa ningeogopa kuisoma hiyo karatasi.

Kosa walilofanya ni kutokukaa na wewe dakika mbili wakueleze. Hilo kasirika, una haki. Na mimi nimelifanya mara nyingi, usiku ukiwa na vitanda vinne na wauguzi wawili.

Mama_Brayo_Rongai

Mimi niingie na upande wa pili ili mtu mwingine asisome hapa akafunga ukurasa akidhani sukari ya juu kwa mtoto ni stori tu.

Mwanangu alikuwa na miaka tisa. Alianza kunywa maji kama ngamia. Anaamka usiku mara tatu kukojoa, kisha akaanza kukojoa kitandani, mtoto wa darasa la nne! Tukamchapa, Mungu anisamehe. Sare ya shule ikawa inamning'inia. Sisimizi wakawa wanajaa pale chooni, mama yangu wa kambo akasema choo ni kichafu. Hiyo yote ilikuwa wiki tano. Kisha siku moja akatapika, tumbo linauma, akaanza kuhema kwa nguvu, pumzi ndefu ndefu, mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva sana. Kliniki ya kwanza wakasema malaria na nimonia, wakatupa dawa, tukarudi nyumbani. Kesho yake hakuamka vizuri. Hospitali ya pili glukomita haikutoa hata namba, iliandika HI, yaani sukari imepita inapoweza kusoma.

Hiyo ndiyo kisukari ya aina ya kwanza. Insulini kila siku hadi leo, ana miaka kumi na mitatu, anacheza mpira kunishinda kumtafuta. Mama Neema, swali langu kwako ni moja: kabla ya kile kikohozi cha Jumatano, kulikuwa na kiu? Kukojoa sana? Kukonda?

MamaNeema_Umoja

Hakuna. Pampasi za usiku aliziacha Desemba na hajawahi kurudi nyuma. Alikuwa mnene hadi jirani anamwita Kiboko. Mama Brayo, hapo kwa kumchapa nimeumia na wewe. Ungejuaje?

Mwanafunzi_Mwaka_wa_Tano

Nasoma udaktari, namheshimu sana Sista, lakini hapo kwenye historia ameruka kitu, na wasomaji wanastahili kukijua.

Mwaka 2009 huo huo kundi la Leuven lilijaribu pia kwa watoto, 700, wengi wao waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Walioshushwa sukari walikufa asilimia 3, wengine asilimia 6. Maambukizi yalipungua pia. Ni kweli kwamba robo yao, asilimia 25, waliteremka hadi 2.2 au chini, dhidi ya mmoja kwa mia upande wa pili. Lakini walipofuatiliwa baada ya miaka kama minne, akili zao hazikuonekana kuharibiwa na yale materemko mafupi. Kwa hivyo si haki kusema insulini kwa watoto ilikuwa ujinga tangu mwanzo.

Pia inajulikana kwamba watoto ambao sukari inapanda sana na kukaa juu ndio wanaokufa zaidi ICU. Kuikalia kimya tu pia si jibu.

Sista_Zamu_ya_Usiku

Daktari mtarajiwa, umenishika, na umenishika vizuri. Sikusema ujinga lakini niliruka, ni kweli.

Basi tumalizie wote wawili. Wengine walijaribu kupata matokeo ya Leuven kwa watoto wakashindwa. Marekani, 2012, watoto wadogo 980 waliotoka upasuaji wa moyo: hakuna tofauti. Uingereza, 2014, watoto 1369: siku walizokaa bila mashine hazikutofautiana, na walioshuka vibaya walikuwa asilimia 7.3 dhidi ya 1.5. Kule kundi la kawaida lilingoja sukari ipite 12 mara mbili, nusu saa kati yake, ndipo wakagusa insulini. Marekani tena, 2017, HALF-PINT, 713: waliusimamisha kabla ya wakati wake. Faida haikuonekana, na kundi la kushushwa sana lilikuwa na maambukizi zaidi na materemko zaidi, hata kwa kipimo kinachosoma sukari muda wote. Mwongozo wa sepsisi ya watoto wa 2020 ukasema waziwazi msitumie insulini kulenga 7.8 kwenda chini.

Sasa kwa nini Leuven pekee? Mimi nina dhana yangu, na ni dhana ya muuguzi aliyetundika dripu nyingi. Wenzetu wale walikuwa wakiwalisha wagonjwa kwa mshipa mapema, sukari nyingi inaingia tangu siku za mwanzo. Ukimwagia mtu sukari, bila shaka insulini itaonekana mkombozi. Na waliokuja kutupa jibu la karibu na hilo ni wao wenyewe, hapo nawavulia kofia. Mwaka 2016, pamoja na Rotterdam na Edmonton, waliwachukua watoto 1440. Nusu walianzishiwa lishe ya mshipani ndani ya saa 24, nusu wakacheleweshewa wiki nzima. Waliocheleweshewa walipata maambukizi machache, asilimia 10.7 dhidi ya 18.5, na walitoka ICU mapema zaidi.

Kuhusu sukari kukaa juu na vifo, hapo tuko pamoja. Swali ni kama sukari ndiyo inayoua, au mtoto aliye taabani zaidi ndiye anayemwaga adrenalini zaidi na kuwa na usugu zaidi, na namba inatuonyesha tu alivyo taabani. Nikiona inapanda tena siku ya tano baada ya kushuka, siwazi insulini kwanza. Nawaza: kuna maambukizi mapya wapi? Mrija? Mkojo? Nageuza mtoto, natafuta.

Mzee_wa_Ruai

Sista marahaba. Karela nimeiondoa. Lakini mjomba alipona.

Maabara_Kayole

Mzee, mjomba alipimwa na nani? 😂

MamaNeema_Umoja

Narudi na majibu, ni siku kumi na moja zimepita.

Jumanne ilikuwa kliniki ya kurudi. Nilienda na daftari la madeni. Daktari alikuwa mwingine, mama mtu mzima, akalichukua akasoma zile saa zote bila kunikatiza, kisha akauliza nani alikufundisha kuandika hivi. Nikamwambia nauza nguo, tusipoandika tunalala njaa. Akachukua damu ya mshipa, Neema alikuwa hajala: 4.7. Mkojo hauna sukari. Ameandika kwa mkono wake kwenye kijitabu cha kliniki: sukari ilipanda kwa sababu ya ugonjwa mkali, si kisukari. Na tarehe za kuongezewa damu ameziandika chini yake ili mtu asije akapima HbA1c mapema. Amesema dalili za Mama Brayo nizikariri, nikiziona hata moja nije, nisingoje siku ya kliniki. Na uji uwekwe maziwa, siagi ya njugu na sukari, mtoto ana kilo mbili za kurudisha.

Nilimwonyesha mama mkwe maandishi. Aliyasoma kwa miwani, akayasoma tena, akaenda chumbani, akarudi na kopo. Limepungua nusu. Sijauliza.

Sista, la mwisho. Neema sasa akiona mtu mwenye koti jeupe anaficha vidole kwapani. Jumamosi tumeshindwa kununua nyama kwa sababu ya koti la mwenye bucha. Hii inaisha?

Sista_Zamu_ya_Usiku

Inaisha, kwa wengi ni wiki kadhaa, ukiona miezi inapita na hata usiku halali vizuri mrudishe kwa yule mama daktari. Mpe kofia ya kalamu, kipande cha pamba na mwanasesere, awe yeye ndiye anayepima. Kaa karibu umsikilize anamwambia nini mwanasesere, utajua alichokisikia kule ndani. Wangu mmoja alikuwa anamwambia, "Iko juu kidogo, tunaiangalia."

Na nyama tuma baba yake.